Nililipa Mti Unyolewe Kipara

Siku ile nilirudi kutoka kazini nikakuta jua jikoni. Kwa miaka yote tuliyokuwa tumeishi katika nyumba hii, dirisha la jikoni lilipata mwanga wa kijani tu, ule unaochujwa na majani, na ikifika saa kumi jioni ilibidi uwashe taa ndipo uone unachokatakata. Siku hiyo mwanga ulikuwa umemwagika mpaka kwenye sinki. Nikatoka uani. Mwembe ulikuwa umebaki shina na matawi manne manene yaliyokatwa katikati, kama kiganja kilichokatwa vidole, na kila ncha imepakwa rangi nyeusi. Jani hata moja halikuwepo.

Sitadanganya: nilifurahi. Nilimpa fundi pesa zake zote na nikaongeza kidogo juu, maana lundo la matawi pale getini lilikuwa refu kuliko mimi, na kwangu wakati huo lundo ndilo lilikuwa kazi. Jirani yangu, mzee ambaye nusu ya kivuli cha mti ule ilikuwa inaangukia upande wake, alikuja kwenye ukuta akatazama kwa muda. Akasema, "Mwanangu, umeunyoa." Nikajibu, "Nimeunyoa, mzee. Sasa tutalala." Hakusema zaidi. Akaingia ndani.

Tangu siku hiyo imepita miaka saba, na mti huohuo nimeulipia mara nne zaidi. Karibu kila nilicholipa kimekwenda kurekebisha ile alasiri moja.

Fundi yule wa kwanza sikumtafuta. Alipita mwenyewe na vijana wawili, ngazi, mapanga na msumeno wa mota, akagonga geti. Alisimama chini ya mti, akatazama juu, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. "Mama, huu mti siku moja utalala juu ya paa." Mimi hofu nilikuwa nayo tayari. Matawi yalikuwa yanasugua bati usiku, gata zilikuwa zinaziba majani kila baada ya siku chache, na wiki ile upepo ulikuwa haulali. Alichofanya ni kunitajia hofu yangu kwa sauti, kisha akaipangia bei. Sikumuuliza kazi amejifunzia wapi. Sikumuuliza atakata nini na ataacha nini. Nilimuuliza swali moja tu: "Utamaliza leo?"

"Leo hii hii. Na tukishaukata hivi, mama, miaka mitano hunitafuti."

Baada ya wiki kama tatu machipukizi yakaanza kutoka kuzunguka kila ncha iliyokatwa, yamesongamana kama nywele za brashi, na vijani vyake vyekundu vyekundu vinang'aa kama vimepakwa mafuta. Watoto wakasema mti umevaa manyoya. Mimi nikaona ni afya, mti umeshukuru. Kumbe ilikuwa njaa. Mti hula kupitia majani yake. Ukiyaondoa yote kwa siku moja umeufungia jiko, na unachobaki nacho ni akiba iliyo ndani ya mbao na mizizi. Basi huichota akiba hiyo na kuamsha macho ya mti, yaani machipukizi madogo yaliyolala chini ya gome, ili upate majani haraka, popote, kwa namna yoyote. Machipukizi hayo hukimbia kwenda juu. Kufikia mwaka wa pili yalikuwa yamefika palepale matawi ya zamani yalipokuwa, na mwaka wa tatu yalipita. Gata zikaziba tena. Ile miaka mitano niliyoahidiwa haikufika hata nusu.

Kuna mambo mawili sikuyaunganisha na ukataji mpaka baadaye sana. La kwanza, upande unaopigwa na jua la alasiri, gome la matawi yale manne lilibabuka, likapasuka na kuanza kujikunja kama karatasi iliyoloa ikakauka. Lilikuwa limeishi kivulini maisha yake yote, halafu siku moja likavuliwa nguo. La pili, misimu miwili mfululizo hatukuona hata ua. Mwembe huchanua kwenye ncha za vitawi vilivyokomaa, na ncha zote nilikuwa nimezilipia zikatwe. Nilikuwa nikimlaumu kila mtu, mpaka mdudu, mpaka hali ya hewa.

Halafu ukaja usiku wa upepo.

Sikusikia kishindo kikubwa. Nilisikia kama mtu anachana shuka, kisha bati la banda la mzee likapiga kelele. Asubuhi tulikuta chipukizi moja, nene kama mkono wangu karibu na bega na refu kupita ngazi, limelala juu ya banda lake. Halikuwa limevunjika. Lilikuwa limebanduka. Sehemu liliposhikilia ilikuwa bapa, laini, ukubwa wa kiganja, kama kucha iliyong'oka. Mahali lilipotoka, nyuma ya ile rangi nyeusi ambayo bado ilikuwa inaning'inia kama kifuniko, mbao ilikuwa ya kahawia na ya ungaunga. Nikaingiza kidole. Kikazama mpaka kwenye kiungo cha pili, na kilipotoka kilikuwa kimeloa, kinanuka uyoga.

Mzee alikuwa amesimama pembeni. Mabati mawili yamekunjika, mtu mwingine angepiga kelele. Yeye akaniuliza kama watoto walishtuka usiku. Nililipa mabati siku hiyohiyo, na aibu ile ndiyo iliyonifanya nianze kutafuta fundi kwa akili badala ya kumsubiri anayepita.

Nikaulizia kwa watu wenye miti, na kila mtu akawa na kisa. Mwenzangu mmoja kazini alikubaliana na mafundi "kukata mti", wakakata kweli, wakaondoka, na gari lake likakaa ndani siku nne kwa sababu matawi yalikuwa yameziba geti. Alipowapigia simu wakamwambia kubeba ni kazi nyingine. Na neno lao lilikuwa sahihi. Walisema kukata, hawakusema kubeba. Mwingine alipata kinyume chake: alikuwa na mti wa mbao nzuri, alitaka magogo yabaki, akarudi jioni akakuta ua umefagiwa safi, magogo yameondoka na mafundi kama zawadi. Wa tatu kisa chake kilinikaa zaidi. Kibarua alianguka kutoka kwenye tawi uani kwake, akavunjika paja, na aliyewaleta vibarua akazima simu. Hakukuwa na bima, hakukuwa na karatasi. Mwenye nyumba ndiye aliyekimbia hospitali na ndiye aliyelipa, maana huwezi kumwacha mtu amelala chini ya mti wako. Nilipomsikiliza nikamkumbuka yule kijana wa fundi wangu, nilivyomwacha asubuhi ile pekupeku juu ya mwembe, kamba amejifunga kiunoni kama mkanda wa suruali, na mimi niko kazini sijui lolote.

Niliita watu watatu waje kutazama. Huyu wa kwanza hakuja. Alitaka nimpigie picha nimtumie, akanitajia bei kabla picha haijafika. Wa pili alikuja, akaniuliza nina kiasi gani.

Wa tatu alikuwa mtu mzima, mfupi, anatembea polepole, na nilipomfungulia geti hakutazama juu. Alitazama chini. Alizunguka shina akiwa ameinama kama mtu aliyeangusha ufunguo, akasukuma majani makavu kwa ncha ya kiatu, akagonga shina kwa mpini wa nyundo hapa na pale huku amesogeza sikio. Akachuchumaa upande wa ukuta.

"Hapa palichimbwa?"

Palichimbwa, kweli. Mwaka mmoja kabla tulipitisha bomba la maji, na mfereji ulipita hatua mbili tu kutoka kwenye shina. Nilikumbuka wachimbaji wakilalamika juu ya mizizi, na mimi nikiwaambia waikate tu.

"Ilikuwa minene?"

Nikamwonyesha kwa mkono: kama kifundo cha mguu.

Akakaa kimya. Kisha akanieleza jambo ambalo nilikuwa nimelielewa vibaya tangu utotoni: nilidhani mizizi ya mti ni mti mwingine uliopinduliwa, unashuka chini kama ulivyopanda juu. Sehemu kubwa ya mizizi, akasema, iko katika sentimita 60 za juu za udongo, na inatambaa kwenda mbali kupita kivuli cha matawi. Mfereji wa kina cha goti hauipiti mizizi kwa juu, unaikata. Upande ule mti ulikuwa hauna nanga tena. "Mama, wewe umeogopa upepo. Mimi naogopa hapa."

Halafu akaniuliza swali ambalo sikuwa nimewahi kuulizwa na fundi yeyote wa kitu chochote. "Unautakia nini huu mti?"

Nikababaika. Nikasema nautaka usituangukie. Akasema hilo ni la kwanza, la pili? Nikafikiri. Kivuli sebuleni, kwa sababu tangu unyolewe sebule ilikuwa tanuri. Maembe, ikiwezekana. Gata zisizibe. Na mzee wa jirani asipate hasara tena. Aliandika yote kwenye daftari, kwa mpangilio wangu, na bei aliyotoa ilikuwa na maneno kabla ya tarakimu: matawi gani yatapunguzwa, upande gani, nani anabeba takataka, magogo ni ya nani, likivunjika bati nani analipa, vijana wake wana bima gani. Chini kabisa aliandika kitu ambacho kilinikera: "Awamu tatu, kwa muda wa miaka miwili au zaidi."

Nikamwambia mimi nataka iishe. Akasema hata yeye angependa, ila kukata zaidi ya robo ya majani mabichi kwa mkupuo mmoja ni kurudi palepale tulipotoka. Mti utaona njaa tena na utavaa manyoya tena. Hata hiyo robo, akasema, ni kwa mti wenye nguvu. Wangu ulikuwa mgonjwa. Angeanza na chini ya hapo.

Bei yake ilikuwa kubwa kuliko ya wengine. Nilimpa kazi hata hivyo, na ningependa kusema ni kwa sababu ya busara. Ukweli ni ule uyoga kwenye kidole changu.

Hakuanza siku tuliyopanga. Alipofika asubuhi na vijana wake alionyesha waya wa umeme unaoingia nyumbani, uliokuwa unapita karibu na tawi la upande wa barabara, akasema hapandi mpaka watu wa umeme waje wauzime. Nikamwambia fundi wa kwanza alikata palepale na panga, hakuna kilichotokea. Akasema, "Hakuna kilichotokea siku hiyo." Tawi bichi lina maji, na maji yanapitisha umeme, si lazima mtu aguse waya, inatosha tawi liguse na yeye ameshika tawi. Yeye hakubali kijana wake asogee ndani ya mita 3 za waya wenye moto, na mita hizo huzihesabu pamoja na urefu wa chombo alichoshika. Tulisubiri siku tisa. Nilinung'unika siku zote tisa, na kwa sauti.

Siku ya kazi nilichukua ruhusa nikakaa uani kwenye kiti cha plastiki. Kijana wake mmoja alikuwa msichana mwembamba mwenye kofia ngumu. Alirusha kifuko kidogo chenye uzito kikapita juu ya panda, kikarudi chini na uzi, uzi ukavuta kamba, na dakika chache baadaye alikuwa ananing'inia juu kwa mkanda mpana wa kiunoni na mapajani, mikono yote miwili huru. Niliuliza kwa nini asivae vile viatu vya misumari nilivyowahi kuwaona navyo wapandaji. Fundi akasema vile ni vya mti unaokwenda kuangushwa. Mti unaobaki hai, kila msumari ni kidonda.

Kuna tawi moja kavu, nene kama paja, nilitazama likikatwa mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa nimezoea kwamba tawi hukatwa kutoka juu, mpaka linaelemewa, linavunjika na kuchana ukanda mrefu wa gome kushuka kwenye shina. Yule msichana aliweka kwanza msumeno chini ya tawi, kama sentimita 30 kutoka kwenye shina, akakata kwenda juu kidogo tu, kama robo ya unene. Kisha akasogea nje kidogo na kukata kutoka juu. Tawi likakatika, likabaki linaning'inia kwenye kamba, likashushwa kama ndoo kisimani. Gome halikuchanika hata unyuzi. Kikabaki kipande kifupi. Hapo akashuka usawa wake, akapapasa kwa vidole mahali kipande kinapoingia kwenye shina. Kuna uvimbe hapo, mkunjo mdogo kama kola ya shati. Sikuwahi kuuona na mti ule nimeishi nao miaka mingi. Akakata nje tu ya ule mkunjo, bila kuugusa, na bila kuacha kisiki.

"Mbona hatupaki rangi?" nikauliza, maana fundi wa kwanza alinitoza rangi pembeni.

Fundi akacheka. Akanipeleka kwenye moja ya zile ncha za zamani, akabandua ile rangi nyeusi kwa kucha. Chini yake palikuwa na unyevu na kuvu. "Umewafungia ndani na ukawapa maji," akasema.

Usiku ule nilisoma juu ya jambo hili mpaka saa saba. Nilikutana na Alex Shigo, mtaalamu wa magonjwa ya miti aliyefanya kazi katika huduma ya misitu ya serikali ya Marekani. Huyu bwana hakuridhika kutazama miti kwa nje. Alichukua msumeno wa mota akaipasua kwa urefu, maelfu, afuate kwa macho uozo unavyotembea ndani ya mbao tangu kwenye kidonda. Mwaka 1977, yeye na Harold Marx walichapisha maelezo ya walichokiona: mti hauponi kama ngozi ya mtu inavyopona. Hauwezi kuirudisha mbao iliyoharibika. Unachoweza ni kujenga kuta kuizunguka, kuifungia humo, na kuendelea kuota mbao mpya kwa nje. Ule mkunjo wa kola ndipo penye ukuta mmojawapo ulio imara. Ukiukata, umevunja mlango. Ukiacha kisiki kirefu, mbao mpya haiwezi kukifunika, na uozo unaingia kwa raha zake. Na katika majaribio yake ya miaka mingi rangi za vidonda hazikuzuia uozo. Nilikumbuka zile duara nne nyeusi nilizozipenda siku ile, zilivyoonekana nadhifu.

Lakini kabla ya usiku huo, saa tisa alasiri, fundi aliniita akasema wamemaliza.

Nikatazama juu. Nikazunguka upande wa pili nikatazama tena. Mti ulikuwa na majani, ulikuwa na umbo kidogo kuliko asubuhi, bati lilikuwa wazi, na zaidi ya hapo sikuona tofauti. Nikahisi joto shingoni. Nimelipa zaidi ya mara mbili ya yule wa kwanza, nimesubiri siku tisa, na mti uko palepale? Nikamwambia, kwa heshima lakini kwa ukali, "Fundi, mbona sioni ulichokata?"

Hakukasirika. Nadhani huulizwa kila mahali. Akanipeleka kwenye lundo, dogo, la kufika kifuani, akaanza kunionyesha moja moja. Hili lilikuwa linasugua lile, tazama kidonda. Hili limekufa. Haya machipukizi saba yalikuwa yanagombea ncha moja. Tumeacha mawili, yenye pembe nzuri, mwakani tutachagua moja. Hili lilikuwa linaelekea kwa mzee. Akasema anaogopa kazi ya aina nyingine pia, ile ya watu wanaosafisha vitawi vyote vya ndani na kuacha kishungi cha majani mwishoni tu, kama mkia wa simba. Mwenye nyumba huona usafi, anafurahi; kumbe uzito wote umesukumwa nje kwenye ncha, na upepo unapata mpini mrefu wa kushikia. Nilijua nyumba mbili mtaani kwetu zenye miti ya namna hiyo. Nilikuwa nimewahi kuisifia.

Nilipomalizia malipo, mzee alichungulia ukutani. Akautazama mti, akanitazama, akauliza, "Huyo fundi wako mpya anakuja lini?"

Awamu ya pili ilikuwa fupi, ya tatu fupi zaidi. Nilijifunza kumwita baada ya kuvuna, kabla mti haujaanza kujiandaa kuchanua, na kukaa mbali na utomvu: kijana wake mmoja alipata malengelenge mkononi kwa kuupuuza, maana utomvu wa mwembe unaunguza ngozi ya wengine kama maji ya moto. Msimu mmoja aliacha tawi lililokuwa kwenye orodha kwa sababu kulikuwa na kiota chenye makinda, akarudi wiki tatu baadaye kulikata hilo moja. Nilimwona mtu wa mbwembwe. Hakunitoza usafiri, kwa hiyo sikusema.

Si kila kitu kilirudi. Moja ya yale matawi manne lilikuwa limeoza ndani sana, likaondolewa lote, na upande huo mti una pengo ambalo halitajaa. Maembe yamerudi, machache, mengi juu kabisa ambako hakuna anayeyafikia isipokuwa ndege. Na kuhusu upande wa bomba, fundi hajawahi kuniambia maneno ya kunifariji. Mizizi mipya inaota, akasema, lakini polepole, na ukiona udongo umeinuka au umepasuka upande wa pili wa mfereji baada ya upepo, usinipigie simu kesho, nipigie palepale na uwatoe watoto chumba kile. Dalili nyingine aliyonipa ni kuvu. Uyoga au kitu chochote chenye umbo la sahani kinachoota kwenye shina karibu na ardhi, au kwenye mizizi, ni taarifa kutoka ndani; kinachoonekana nje ni tunda tu, mwenyewe amekwisha kula muda mrefu.

Tangu hapo, kila baada ya mvua, nazunguka shina na tochi nikiwa nimeinama. Watoto wananicheka, wanasema nimekuwa kama fundi. Wiki iliyopita nikaona kitu cheupe kimejibana katikati ya mizizi miwili, upande uleule wa bomba, mviringo, kinang'aa. Moyo ukanidunda. Sikukigusa. Nikapiga picha tatu, moja kwa mbali na mbili kwa karibu, nikamtumia usiku uleule na kumwomba radhi kwa kumsumbua.

Akajibu baada ya dakika kumi: "Mama, hilo ni ganda la yai."